Mlevi wa Getini

Kona ya Strachan
24 Februari

Una,

Huyu anayekupa barua hii ni mwanasheria kutoka Auckland. Aliniambia kabla sijamuuliza. Usimcheke usoni, subiri ageuke. Amevaa kaptura inayombana mpaka nimeyajua mambo yake ambayo hata daktari wake hayajui, na shati la rangi za kasuku mgonjwa. Amepata pancha mlangoni kwangu akasimama kuitazama kama mtu anayesubiri ijizibe. Nimemzibia. Wewe mpe chai, na umlipishe bei ya watu wa mjini.

Kama huna habari, hawa wapumbavu ndio posta yangu sasa. Gari la posta linapita likijisikia, na simu humu bondeni ni ya kuzungumzia na ukuta. Kwa hiyo nawapa barua, wanateremka nazo mpaka Galbraith. Ni kazi pekee niliyowahi kuwaona wakiifanya vizuri.

Sasa mambo ya maana. Jumamosi jioni mtu amepita njia ya baiskeli, akafungua geti langu, akaliacha wazi kama mdomo wa Fergus pale baa yake inapojaa. Jenerali, dume langu la kondoo, hakuhitaji barua ya mwaliko. Asubuhi nimemkuta kalala katikati ya majike, hoi, anatabasamu.

Wewe umezaliwa shambani, sikufundishi hesabu. Mimi dume namtia kwa majike mwezi wa Mei, wanakondoo wanakuja Oktoba na majani mabichi. Sasa watakuja Julai, katikati ya baridi, theluji ikiwa magotini. Nitaokota vitoto vimeganda kama mikate ya juzi. Huo ndio mwaka wangu, Una, umekwenda kwa sababu ya mtu aliyeshindwa kurudisha mnyororo kwenye msumari.

Sikiliza basi. Mkataba wangu na kamati ya njia unakwisha tarehe mosi Mei. Kipande hiki cha njia baba yangu alikinunua serikali ilipong'oa reli, na sasa ni changu. Siweki sahihi tena. Natia kufuli, kubwa kama kichwa cha mwenyekiti wao Selwyn Pargeter, na lenye akili zaidi. Wakitaka kufika Galbraith, waruke.

Mimi nimenyoa kondoo Wales, nimenyoa Falkland, nimenyoa Kazakhstan na watu wanaoishi kwenye mahema yasiyo na mlango, na hata wao wanajua geti ni nini.

Wattie Geddes,
mtu aliyewahi kunyoa kondoo wengi kwa siku moja kuliko mwanamume yeyote wa bonde hili, na usisahau


Chai ya Stesheni, Galbraith
27 Februari

Wattie,

Mwanasheria wako amekula mikate ya jibini minne, kisha akaniuliza kama jibini ni ya asili. Nikamwambia ndiyo, asili yake ni dukani. Akasema asante sana, akaosha kikombe chake mwenyewe. Hilo wewe hujawahi kulifanya tangu nikufahamu.

Wanaokuletea hii ni mapacha, madaktari wa meno kutoka Christchurch. Watataka kukutazama mdomo. Ufumbe, utakuwa umetusaidia sote.

Kondoo nawasikitikia. Wewe sikusikitikii. Umejuaje kwamba ni mwendesha baiskeli? Jenerali huyo huyo mwaka jana alivunja mlango wa choo chako na wewe ukiwa ndani. Na hiyo Kazakhstan ulikaa wiki mbili ukiharisha, ulinisimulia mwenyewe ulipokuwa umelewa.

Usidhani nawatetea kwa mapenzi. Wanaingia hapa wamelowa jasho, wanakaa juu ya vitambaa vyangu vya viti, wanazungumza habari za magoti yao kama watu wengine wanavyozungumza habari za watoto. Mimi kwenye kile kidude hamnipandishi, labda maiti yangu. Lakini wanakula, Wattie. Reli ilipong'olewa, Galbraith ilibaki na mbwa na makaburi. Sasa Fergus ana wageni vyumbani, shule imepata mwalimu wa pili, na mimi nina meza za kufuta. Ukifunga pale, watahamia njia ya ziwani, na mimi kwa umri huu nitarudi Dunedin kuosha vyombo vya watu. Kufuli hilo si lao. Ni langu.

Samahani kwa mwandiko. Nimeanguka kwenye ngazi ya stoo, kiwiko kimevimba.

Una Tully


Kona ya Strachan
6 Machi

Una,

Aliyebeba hii ni bwana mstaafu mwenye baiskeli ya umeme. Anakaa tu, inamwendesha. Nikamuuliza, mzee, sasa wewe umekuja kufanya nini? Akasema mazoezi. Nimemfungia pia chupa ya mafuta ya sufu, ya kwako. Paka kwenye kiwiko asubuhi na jioni. Sisi wanyoaji ndiyo dawa yetu, migongo imesimama kwa mafuta hayo. Na usipande ngazi, una miguu mifupi kama bata.

Nimefanya uchunguzi. Wiki nzima nimekaa kwenye kiti karibu na geti, mbwa miguuni, nasimamisha kila anayepita na kila anayerudi. Nimewauliza wote waliopita Jumamosi ile. Unajua wanasema nini? Wote, neno moja, kama watoto wa kanisani: "Tuliliacha kama tulivyolikuta."

Ile ni sheria yetu, Una! Ni sheria ya baba yako na baba yangu, kwamba geti la mtu uliache ulivyolikuta. Kamati wameiandika kwenye ubao kwa rangi nyeupe. Basi wa kwanza akaliacha wazi, wa pili akalikuta wazi akaliacha wazi, wa tatu vivyo hivyo, msururu mzima wa watu wenye digrii wanampita Jenerali akitoka, wanamwambia habari za jioni, na kila mmoja anakwenda kulala akijiona ametii sheria. Mwanamke mmoja amempiga picha! Amenionyesha. "Alikuwa anaonekana mwenye furaha," anasema.

Lakini wa kwanza yupo. Na nimemkaribia. Mvua ilinyesha Ijumaa, njia ilikuwa laini, alama zilibaki. Gurudumu moja linatoka getini kurudi upande wenu likipinda kulia, kushoto, majanini, njiani, majanini tena. Huyo alikuwa mlevi. Na kwenye ubao wa pili wa geti kuna tope la kiatu. Amepanda geti ndipo akapanda baiskeli, kama mtu anayepanda farasi. Katika maisha yangu sijaona. Nikimwona tu anavyoendesha, nitamjua.

Wattie


Galbraith
12 Machi

Wattie,

Anayeleta ni msichana wa kutoka Ujerumani, mpole, usimtukane, haelewi, utakuwa umejichosha bure.

Mafuta yamefika. Yananuka kama wewe. Kiwiko kimepungua.

Kamati wamekutana hapa kwangu jana. Selwyn alisimama dakika nyingi kusema kwamba hali ni nzito, akakaa, akala keki, akasimama tena kusema hali bado ni nzito. Fergus amesema ukifunga anauza hoteli, na mnunuzi hakuna. Mwalimu mpya ameuliza kama afungue maboksi yake au ayaache. Mkutano wa watu wote utakuwa ukumbini tarehe 29 Aprili, na wewe unatakiwa uje useme neno lako la mwisho.

Nina swali moja, na ujibu kama mtu, bila Falkland. Akipatikana aliyefanya, akaja mwenyewe akasema ni mimi, utaweka kufuli vilevile?

Una


Kona ya Strachan
16 Machi

Una,

Huyu wa leo ni mhasibu. Ameanguka mwenyewe kwenye njia iliyonyooka, pana, bila upepo, wala kondoo, wala sababu. Nimemfunga bendeji.

Jibu langu hili. Akija mwenyewe, sitii kufuli. Neno langu. Lakini asije kuninong'oneza hapa mlangoni. Nataka asimame ukumbini, na kaptura yake, mbele ya Galbraith nzima, aseme: mimi ndiye niliyeacha geti la Geddes wazi. Nataka kuiona sura yake. Nataka watoto wa shule wamwone, wajue mtu wa namna hiyo anafananaje.

Lakini hatakuja. Watu wa namna hii hawaji. Yuko zake Auckland anawaeleza wenzake jinsi alivyoishinda milima, na milima yenyewe hakuna, treni zilipita hapa zikivuta makaa na bibi zetu.

Kwa nini unauliza? Una, unamjua?

Wattie


Galbraith
17 Machi

Simjui.

U. T.


Kona ya Strachan
14 Aprili

Una,

Barua hii nimeifunga kwa gundi, nimemwambia aliyebeba kwamba akiifungua mbwa wangu watamjua kwa harufu mpaka mwisho wa maisha yake. Ameamini. Ni profesa.

Mwezi mzima hujaniandikia. Nikasema basi, amenichukia, amekwenda kwa wenye kaptura. Jana alfajiri niko juu kilimani na mbwa, ukungu unaondoka, miti ya mipopla imekuwa ya manjano mpaka kule darajani. Naona kitu njiani. Kinakwenda kulia, kushoto, majanini, njiani, majanini. Nikasema, mlevi wangu! Umekuja kwa miguu yako! Nikatoa darubini.

Una. Hiyo baiskeli umeitoa wapi? Na ulikuwa umevaa koti la mvua la marehemu mume wako Doug, Mungu amrehemu, limejaa upepo kama hema. Unaendesha kama ng'ombe aliyewekwa kwenye barafu. Ulifika getini ukaikumbatia nguzo. Si kuishika, kuikumbatia, kama ndugu aliyepotea. Ukakaa hapo juu ya kiti, hushuki, huendi. Ukatazama upande wa nyumba yangu muda mrefu. Kisha ukaweka kiatu kwenye ubao wa pili, ukajisukuma, ukageuka, ukarudi ulikotoka.

Nimekaa juu ya jiwe. Mbwa wakadhani nimekufa.

Sasa nisikilize, usianze kulia, wala usianze kupiga kelele. Hakuna anayejua ila mimi na mbwa. Nimeshapanga. Ukumbini nitasema nimempata, ni yule mwanasheria wa kasuku. Yuko mbali, hatajua kabisa kwamba ametukanwa Galbraith. Nitasema amekiri kwa barua. Selwyn ataamini, Selwyn aliamini kwamba nyumba ya kuku inahitaji mshauri. Nasamehe, naweka sahihi, kufuli halipo, wewe unaendelea na mikate yako. Kwisha.

Na hiyo baiskeli itupe mtoni.

Wattie


Galbraith
16 Aprili

Wattie Geddes,

Kwa hiyo umekaa kilimani na darubini unamtazama mwanamke akihangaika, wala hukushuka kumsaidia. Mnyoaji wa dunia nzima.

Hutasema hivyo ukumbini. Yule mwanasheria hakufanya kitu. Alikula mikate minne, akaosha kikombe, akasema asante. Mimi nawacheka hawa watu kila siku ya Mungu, nawacheka na wewe, lakini sitamvika mtu geti langu kwa sababu ya kaptura yake.

Unataka kujua? Jua basi. Februari ulikaa wiki tatu bila kuleta barua. Nikawauliza wapitao, hakuna aliyekuona. Nikasema mzee ameanguka bandani, analiwa na mbwa wake. Gari langu limekufa, nimuombe nani? Fergus, ili baa nzima ijue Una Tully anamfuata Geddes? Nilikuwa nimenunua baiskeli tangu Krismasi, najifunza alfajiri nyuma ya stesheni kabla watu hawajaamka. Nikafunga pai ya kondoo nyuma, nikaja. Nimeanguka mara sijui ngapi. Nimefungua geti lako, nimeingia, nimefika mpaka kwenye miti, nikasikia unawaimbia mbwa. Mzima kabisa. Unaimba vibaya kama siku zote.

Na aibu ikanishika. Ningesema nini? Nimekuja kukuzika, nimekuta hujafa? Nikageuka. Mimi baiskeli siwezi kuipanda chini, miguu haifiki, lazima niparamie kitu. Nikaparamia geti. Nikishaondoka siwezi kusimama, nikisimama siwezi kuondoka. Nikaliona limebaki wazi nyuma yangu, na magurudumu yanakwenda. Nikasema nitarudi. Mbele kidogo nikaanguka juu ya kiwiko, giza likaingia, sikurudi.

Mimi, binti wa Hector Lamont! Baba alinirudisha maili nzima kwa miguu nikiwa mtoto kwa geti ambalo hata si mimi niliyeliacha wazi. Kama angekuwa hai angekuletea kufuli mwenyewe.

Siku ile uliponiona nilikuwa nakuja kukwambia. Nilishindwa kushuka, na nilishindwa kusema.

Tarehe 29 nitasimama. Ulisema unataka kuiona sura yake. Utaiona.

Pai niliila mwenyewe, njiani, nimekaa majanini.

Una


Galbraith
30 Aprili

Wattie,

Hii nampa mtu wa kwanza aliyeingia mlangoni leo, sijamtazama hata amevaaje.

Nilisimama. Uliniona. Nilisema kila neno ulilotaka lisemwe, na watoto wa shule walikuwepo, mstari wa mbele. Fergus alicheka mpaka akatolewa nje. Mke wa Selwyn alisema, "Una, kwa umri wako?" Nikasema ndiyo, Beryl, kwa umri wangu. Nilikutazama wewe tu, nikasema moyoni, huyu alitoa neno lake.

Na wewe ukachukua kofia yako ukatoka. Selwyn akabaki na karatasi ya mkataba mkononi kama mtu aliyeletewa mtoto asiyemjua. Watu wote wakanigeukia. Nilizima taa za ukumbi mwenyewe.

Kesho ni tarehe mosi. Weka kufuli lako. Nilidhani wewe ni mpiga kelele mwenye moyo. Kumbe kelele tupu.

Sina zaidi.

Una Tully


Kona ya Strachan
4 Mei

Una,

Anayekuletea hii ni mtu kutoka Wellington, anafanya kazi serikalini, ana kioo kidogo kwenye kofia ili aone anayemfuata. Hakuna anayemfuata. Nimemtumia siku mbili nzima kuchimba, analala kwenye banda la kunyolea, mikono imemtoka malengelenge, na anasema hii ndiyo likizo bora ya maisha yake. Sijui watu hawa wanalelewaje. Mpe mikate mingi, bure, nitalipa mimi.

Umenitukana vizuri. Nimeisoma mara mbili. Lakini umekosea, kwa hiyo kaa chini.

Mimi nilitoka ukumbini kwa sababu nilikuwa nimeiona sura niliyoitaka, na sikuweza kuitazama. Nilidhani nitafurahi. Umesimama pale na lile koti, kiwiko bado kimevimba upande mmoja, na Fergus anacheka, mtu ambaye hawezi kupanda hata kitanda chake bila kushika ukuta. Nikaona nikibaki nitampiga mtu, na mkononi nilikuwa na kofia tu. Nimezunguka dunia, nimeona wanaume wakikimbia deni, wakikimbia wake, wakikimbia kondoo mmoja mwenye hasira. Sijaona mtu akisimama vile. Nikaenda nyumbani, nikachukua sururu usiku uleule.

Geti halipo. Nimeling'oa. Geti la baba yangu, ndiyo, lile ambalo nilimwambia Selwyn atalitoa juu ya maiti yangu. Mahali pake nimechimba shimo kutoka nguzo hadi nguzo, nimelaza juu yake vipande vya reli vya zamani vilivyokuwa vimelala nyuma ya banda tangu wang'oe, nimeviachia nafasi katikati. Kondoo akiweka mguu anauona unazama, anarudi. Jenerali amejaribu jana, ametoa sauti ambayo sitaieleza kwa mwanamke. Gurudumu linapita. Linapiga kelele kidogo, kama treni ya mbali, lakini linapita. Hakuna cha kufungua, hakuna cha kufunga, hakuna cha kuacha kama ulivyokikuta.

Mkataba nimeutia sahihi. Selwyn alikuja mwenyewe, akataka kunishika mkono, nikampa koleo. Alichimba vibaya. Mwambie yule mwalimu afungue maboksi yake.

Usije ukadhani nimewafanyia wao. Wao ni wapumbavu vilevile, leo kumepita mmoja na filimbi. Watapita juu ya reli zangu kwa miaka na hawatajua kwamba nimezilaza kwa ajili ya mtu mwingine.

Julai majike wataanza. Theluji itakuwa kila mahali, na mimi nina mikono miwili tu, hata kama niliwahi kusema vingine. Wewe unajua kumwamsha mwanakondoo aliyeganda, baba yako alijua, nimekuona ukifanya. Wateja mwezi huo hakuna. Funga stesheni, njoo. Chumba cha upande wa jiko kina joto, nimekifagia, nimewatoa mbwa. Wamenuna.

Lakini usingoje Julai. Njoo Jumapili ujaribu shimo. Paramia benchi lako la stesheni, ukishaanza usisimame popote, hata ukiniona nakupungia mkono. Pita moja kwa moja.

Kuhusu kusimama, nimeweka robota la sufu mbele ya mlango wangu. Ligonge.

Wattie